Mwenye Funguo Zote

Ndugu msomaji, usifunge ukurasa ukidhani nimekuletea somo la kompyuta. Nimekuletea swali la zamani, zamani kuliko umeme: je, mtu mwema anahitaji kuwekewa mipaka? Mtu ambaye hujawahi kumshika na wizi wala uongo, ukimwekea kikomo, umemdharau au umemheshimu? Mimi nakutana na swali hili kila siku ya kazi, kwa sababu kazi yangu ni kutunza hifadhidata, au databesi kama tunavyosema ofisini, yaani yale madaftari makubwa ya ndani ya kompyuta yanayoweka majina, tarehe, mishahara, madeni na maradhi ya watu. Leo naandika amri ya kumpa mtu ruhusa, kesho naandika amri ya kumnyang'anya. Na kila amri, ukiitazama vizuri, ni hukumu juu ya binadamu.

Lugha ninayotumia inaitwa SQL. Ilizaliwa mwaka 1974 katika maabara ya IBM huko San Jose, California, mikononi mwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce. Walitaka hata mtu asiye fundi aweze kuiuliza mashine maswali kwa maneno yanayokaribiana na ya Kiingereza cha kila siku. Lakini jambo likishakuwa rahisi kuulizwa, papo hapo linazuka swali la pili: nani aruhusiwe kuuliza nini? Mwaka 1976 wenzao wawili wa IBM, Patricia Griffiths na Bradford Wade, walichapisha utaratibu wa kulijibu. Aliyetengeneza jedwali ndiye mwenyewe. Anaweza kumpa mwingine ruhusa ya kulisoma, kwa amri ya GRANT. Akipenda, anampa pia ruhusa ya kuwagawia wengine. Na akibadili nia, anaichukua kwa amri ya REVOKE.

Hapo kwenye kuchukua ndipo penye falsafa. Tuseme Asha kampa Juma, naye Juma kampa Neema. Asha akimnyang'anya Juma, je, Neema abaki na ruhusa yake? Griffiths na Wade walisema hapana: mambo yarudi kama ambavyo yangekuwa endapo Juma asingepewa kamwe. Ruhusa ya Neema ilitoka kwa Juma, basi inakwenda na Juma, isipokuwa kama Neema aliipata pia kwa mtu mwingine mwenye haki ya kumpa. Jamani, hebu tafakari. Ni mara ngapi tunaona mkubwa kaondolewa cheo, lakini mpwa wake aliyemchomeka ofisini bado anazungusha kiti? Mashine inajua kitu ambacho sisi tunajifanya hatukijui: mamlaka yana ukoo. Ukitaka kujua kama ni halali, fuata nasaba yake mpaka kwa aliyeyatoa kwanza.

Mfumo ninaoutunza ni PostgreSQL, uliotokana na mradi alioanzisha Michael Stonebraker mwaka 1986 pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ambao leo mtu yeyote anaupata bure. Humo, mtumiaji mpya anazaliwa karibu uchi. Naandika CREATE ROLE, namtajia jina, namwekea neno la siri na ruhusa ya kuingia, basi. Anaweza kubisha hodi na kukaribishwa sebuleni, lakini jedwali la mwenzake hawezi kulisoma hata mstari mmoja mpaka apewe. Nasema "karibu" uchi kwa sababu kuna kundi moja ambalo kila mtu yumo tangu kuzaliwa. Linaitwa PUBLIC, yaani umma. Ukitoa kitu kwa umma, hata mtu atakayeajiriwa mwakani umeshampa. Kwa miaka mingi umma ulikuwa na haki ya kutengeneza majedwali katika uwanja wa pamoja; toleo la 15 la mwaka 2022 likaacha kuitoa haki hiyo kwa hifadhidata mpya. Hakuna aliyeitwa mwizi. Ni kwamba uwanja wa wote, kila mtu akijenga kibanda chake anapotaka, mwisho hakuna anayejua kibanda gani ni cha kweli na kipi ni cha mtego.

Halafu kuna makundi. Huwezi kukaa unamgawia kila mtu ruhusa mojamoja kama mtu anayegawa pipi. Utachoka, na utasahau. Unaunda kundi la wahasibu, kundi la mapokezi, kundi la maabara, unalipa kundi ruhusa, kisha mtu unamwingiza kundini. Zamani PostgreSQL ilimtenga mtumiaji na kundi kama vitu viwili. Tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005 vyote viwili ni kitu kimoja kinachoitwa ROLE, yaani nafasi mtu anayoishika. Najua kuna kijana ataruka hapa, hasa yule aliyechoka kuhukumiwa kwa kabila lake au kwa mtaa anaotoka: kumbe na ninyi mnawapanga watu kwa makundi! Ndiyo, lakini angalia ni kundi la namna gani. Kabila hulivui. Kundi langu ni koti la kazi: ukihamishwa kutoka mapokezi kwenda uhasibu unavua hili, unavaa lile.

Dada wa mapokezi anaruhusiwa kusoma safu mbili tu za jedwali la wagonjwa, jina na tarehe ya kuja. Safu ya majibu ya maabara akiiomba, mashine inamkatalia. Si kwa sababu ni mmbeya. Ni kwa sababu kumkaribisha mgonjwa na kumwonyesha benchi hakuhitaji kujua anaumwa nini. Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa chuo cha MIT waliliandika jambo hili mwaka 1975, wakalifanya kanuni: mtu asipewe zaidi ya kile ambacho kazi yake inakihitaji. Ona kwamba kanuni hiyo haisemi neno lolote juu ya tabia ya mtu. Inapima kazi, haipimi moyo.

Sasa tuje kwenye vikomo, maana huko ndiko ugomvi unakozuka. Hifadhidata ni kama daladala, ina viti. PostgreSQL isipoguswa mipangilio yake inapokea miunganisho 100 kwa wakati mmoja, na kati ya hiyo 3 imetengwa kwa ajili ya mtumiaji mkuu, asikose pa kuingilia siku gari likijaa. Akitokea mhasibu mmoja na programu iliyoandikwa ovyo, inayofungua mlango kila mara bila kuufunga, atakalia viti vyote peke yake, na muuguzi wa zamu ya usiku atakuta gari limejaa. Au mwingine anauliza swali zito, la kujumlisha malipo ya miaka kumi kwa mpigo mmoja, na mashine inahema kama punda aliyezidishiwa mizigo, wote tunasubiri. Ndiyo maana kuna amri ya kusema jina hili lisishike zaidi ya viti 5. Kuna mpangilio wa kusema swali la huyu likizidi sekunde 30 likatwe. Wenzetu wa MySQL wanaweza hata kuhesabu mtu anauliza maswali mangapi kwa saa.

Vikomo hivyo havifanani. Kile cha viti ni ukuta: ukifika kiti cha sita unarudishwa. Kile cha sekunde ni mstari wa chaki: umewekewa, lakini wewe mwenyewe ukiandika SET statement_timeout = 0 umeufuta, na swali lako litaendelea mpaka asubuhi. Mstari wa chaki unamsaidia mtu mwema asikosee kwa bahati mbaya. Aliyeamua kuuvuka, unamtazama tu.

Nilipoviweka vikomo hivyo kazini, mhasibu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana, alinijia uso umekunjamana.

"Kijana, mimi nimeanza kazi hapa wewe uko shule ya msingi. Leo unanipimia maswali kama mtoto anavyopimiwa uji?"

Sikumcheka, alikuwa na hoja. Kikomo kinauma kwa sababu kinafanana na tuhuma. Nikamwambia, "Mzee wangu, sijakupima wewe. Nimepima chungu. Chungu ni kimoja, na sisi tuko wengi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii:

"Na wewe umepimiwa ngapi?"

Jibu la kweli lilikuwa: hakuna. Mtumiaji mkuu katika PostgreSQL haulizwi ruhusa yoyote, isipokuwa ile ya kuingia. Akishaingia, kila jedwali ni lake, kila safu inafunguka. Kikomo cha viti hakimgusi. Yeye ndiye anayegawa, ndiye anayenyang'anya, na akitaka anaweza kuzima hata daftari linaloandika nani kafanya nini. Nilikuwa namhubiria mzee wa watu habari ya chungu kimoja huku mimi nimekaa jikoni na mwiko mkononi.

Utaniambia, "Lakini wewe si mwaminifu?" Haya, tulipime hilo.

Siku moja shangazi yangu alinipigia simu. Mdogo wangu alikuwa amechumbiwa, na yule mchumba aliwahi kutibiwa pale ninapofanya kazi.

"Mwanangu, si unaingia humo kwenye kompyuta? Nitazamie tu yule kijana alipimwa nini, na majibu yalikuwaje. Simwambii mtu."

"Shangazi, haiwezekani."

"Haiwezekani au hutaki?"

Shangazi ni shangazi, huwezi kumzuga. Nikasema, "Sitaki, shangazi."

"Kwa hiyo mdogo wako afe, ili wewe uitwe mwaminifu?"

Ndugu msomaji, usidharau hoja hiyo. Kwetu, shangazi ana haki ya kuuliza habari za mwanaume anayekuja kuoa. Ni wajibu wake, na angekaa kimya tungemlaumu. Na alichokuwa anakitetea kilikuwa uhai wa mtu. Upande wangu nilikuwa na nini? Nilikuwa na sheria: Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza habari za mtu azitumie kwa lile tu zilipokusanyiwa. Lakini sheria peke yake haimridhishi shangazi. Nilichomwambia ni hiki: yule kijana damu yake alimpa muuguzi, hakuipa familia yetu. Siku watu wakijua kwamba majibu yao yanaweza kutembea mpaka kwa wakwe, wataacha kwenda kupima, na hapo hata cha kuchungulia hakitakuwepo. Nikamwomba awaambie wote wawili, usoni, waende wakapime pamoja. Alinuna wiki nzima, halafu akawaambia. Wakaenda. Majibu yao ni yao.

Hapo unaweza kutaka kunipongeza. Nakuomba usinipongeze, maana ndipo tatizo lilipo. Kati ya siri ya kijana yule na sikio la shangazi palikuwa na kitu kimoja tu: mimi, siku ile, nikiwa nimelala vizuri na kula vizuri. Mashine ingenijibu mara moja bila kuuliza "unataka ya nini?" Kama ningekuwa nina deni, au nina hasira, au yule anayechumbiwa angekuwa msichana niliyempenda mimi mwenyewe, ukuta gani ungenizuia? Hakuna. Wema wangu nao ni mstari wa chaki, naufuta mwenyewe kwa amri moja.

Na haya si mawazo ya kutunga. Mwaka 2013 mkaguzi mkuu wa NSA, lile shirika la kijasusi la Marekani, alimwandikia seneta Charles Grassley barua yenye visa 12 vya watumishi waliotumia mitambo ya shirika kwa makusudi kuchungulia wasichoruhusiwa, tangu mwaka 2003. Baadhi yao walikuwa wanawafuatilia wapenzi na wenzi wao. Mmoja, siku yake ya kwanza kabisa ya kupewa ruhusa, aliuliza anwani 6 za barua pepe za mpenzi wake wa zamani. Siku ya kwanza! Hawa ni watu waliochunguzwa mpaka ukoo kabla ya kuajiriwa. Na kilichomfichua yule bwana hakikuwa dhamiri yake. Ni ukaguzi wa daftari la maswali, uliomkuta siku 4 baadaye.

Kwa hiyo nilikwenda kwa bosi na maombi ambayo hakuyatarajia. Kwanza, kazi zangu za kila siku nizifanye kwa jina la kawaida lenye ruhusa chache, na ule ufunguo mkuu utoke tu siku ya matengenezo. Pili, kila amri inayoandikwa kwa ufunguo huo ipelekwe, saa ileile, kwenye daftari lililoko katika seva nyingine ambayo mimi sina ufunguo wake. Tatu, daftari hilo asome mtu wa ukaguzi, si mimi. Bosi akashangaa.

"Kwani nani kasema hatukuamini?"

"Hakuna, bosi. Ndiyo maana nataka tufanye sasa, kabla hajatokea wa kusema."

Utauliza: na huyo mkaguzi, nani atamlinda? Tukimwekea mlinzi, mlinzi wa mlinzi je? Si tutapanda ngazi mpaka mbinguni? Nami niliwahi kudhani hivyo. Lakini Saltzer na Schroeder, katika maandishi yaleyale ya 1975, walitaja kufuli linalohitaji funguo mbili, mikononi mwa watu wawili. Humo hamna mlinzi wa juu kabisa. Mkaguzi wetu ana daftari lakini hana wagonjwa. Mimi nina wagonjwa lakini sina daftari. Siwezi kuchungulia bila yeye kuona, naye hana cha kuchungulia. Hatuhitaji malaika wa mwisho. Inatosha pasiwepo mtu mmoja mwenye vyote.

Kuna mshikaji wangu nilipomsomea hoja hii aliniuliza, "Na Edward Snowden je? Si naye alikuwa mtunza mitambo aliyevuka mipaka, na wengi wakamshukuru?" Ni kweli, mwaka huohuo wa 2013, na baada yake NSA ilitangaza kanuni ya watu wawili kwa watunza mitambo wake. Sitajifanya naweza kumaliza ubishi wa Snowden katika aya moja. Nasema hili tu: yeye alijitokeza akataja jina lake, akakubali ulimwengu umhukumu. Anayevuka mpaka kwa ajili ya dhamiri anavuka ili aonekane. Anayechungulia kwa ajili ya mpenzi, au kwa ajili ya shangazi, anavuka akiomba gizani asionekane. Daftari la seva ya pili halimzuii wa kwanza kufuata dhamiri yake. Linamzuia wa pili kujificha.

Sasa nirudi kwenye swali letu. Je, kumwekea mtu mwema kikomo ni kumdharau? Nimefika hapa: inategemea aliyekiweka yuko upande gani wa mstari. Kikomo kikitoka kwa mtu ambaye hakimhusu, hata kiwe na manufaa kiasi gani, kina harufu ya dharau, na yule mzee alikuwa na haki ya kukunja uso. Kikomo hichohicho kikitoka kwa mtu aliyemo ndani yake, kinakuwa mapatano. Wanachama wa TANU waliahidi kwamba cheo ni dhamana. Dhamana ni kitu cha mwenyewe ulichoshikizwa, na cha watu lazima kihesabiwe mbele ya watu. Uaminifu wako ni sababu ya kukupa ruhusa. Hauwezi kuwa sababu ya kukuondolea hesabu, kwa maana hesabu haikuwekwa kwa ajili ya siku ambazo wewe ni mwaminifu.

Nanyi wenzangu mnaoandika, msidhani hili ni la mafundi peke yao. Ukikaa na kalamu wewe ndiye mtumiaji mkuu wa ukurasa. Unaingia chumba chochote, unasoma moyo wa yeyote. Lakini yule jirani uliyemsikia analia ukutani, ukamchukua pamoja na jina la mtaa na rangi ya gauni, ulipewa na nani? Nasaba ya ruhusa yako inaishia wapi? Mhariri anayekurudishia mswada na kukuuliza hivyo hajakutukana. Ameshika ufunguo wa pili.

Mzee wa uhasibu nilimwambia kwamba sasa na mimi nimepimiwa. Aliuliza maswali mawili matatu kuhusu lile daftari, nani analisoma na kila baada ya siku ngapi, halafu akarudi mezani kwake. Kikomo chake cha viti kiko palepale, na wangu uko palepale.

Siku nitakapoacha kazi hii, mwenzangu ataandika NOLOGIN mbele ya jina langu kabla sijafika kituo cha basi, nami sitanuna. Akitaka kunifuta kabisa kwa DROP ROLE, mashine itamkatalia kama bado kuna jedwali lililoandikwa kwa jina langu. Itamwambia kuna vitu vinavyonitegemea. Itabidi kwanza aandike amri nyingine, ya kuhamishia vyangu vyote kwa mtu atakayevitunza, ndipo jina litoke. Naipenda amri hiyo kuliko zote. Mtu hafutwi mpaka akabidhi.